Sampuli Namba Saba

Ripoti ilikuwa na kurasa tatu, na Mkuu wa kituo cha polisi aliisoma kama mtu anayesoma barua yake ya kupandishwa cheo, polepole, huku akijitikisia kichwa kwa kuridhika. Alipomaliza aliisukuma upande wa pili wa meza.

"Tisini na nane kwa mia," alisema. "Tisini na tisa. Tisini na nane. Tisini na tisa. Marehemu alijazwa dawa mpaka shingoni. Mashine haisemi uongo."

"Mashine haisemi kitu, Mkuu," Kupe, mpelelezi wake, alijibu. "Wanaosema ni watu wanaosimama mbele yake."

Jina la Kupe alibandikwa na wenzake chuoni, kwa dharau, kwa sababu aking'ata haachi. Yeye akalipokea kwa mikono miwili. Sasa hata mumewe alimwita hivyo, na wahalifu wawili watatu waliokwisha kung'atwa walilitamka kwa adabu zote.

Kesi yenyewe kila mtu kituoni aliijua. Mwalimu mstaafu wa hesabu, mgonjwa wa saratani ya damu, alikubali kujaribiwa dawa mpya katika hospitali ya utafiti. Jumanne alifariki. Alhamisi Profesa aliyesimamia jaribio hilo alileta ripoti ya maabara na kusema kwamba muuguzi wa zamu alimzidishia mgonjwa dozi. Kabatini vilipungua vidonge vinne. Jioni hiyo hiyo muuguzi akawekwa ndani. Leo ilikuwa Ijumaa.

"Saa kumi jioni muda wa kumshikilia unakwisha," alisema Mkuu. "Akikiri kwamba alichoka akakosea, nitaongea na mwendesha mashtaka, atapata adhabu nyepesi. Akikataa, ni kuua bila kukusudia. Nimeshamwandikia maelezo, kilichobaki ni sahihi yake."

"Umemwandikia wewe?"

"Ili kuokoa muda."

"Na kama hakufanya?"

"Kupe, profesa mzima ameweka sahihi hapa."

"Hata barua za uongo huwa na sahihi, Mkuu."

"Unanibishia?"

"Ndiyo."

Mkuu hakutegemea jibu fupi hivyo. Akageukia saa ya ukutani, iliyosema saa tatu na nusu. "Una mpaka saa kumi kasorobo," alisema. "Baada ya hapo usiniletee hadithi za maabara." Kupe aliikunja ripoti, akaitia mkobani, akatoka bila kuomba ruhusa.

Muuguzi alikuwa amekaa wima kwenye benchi la mahabusu, bado amevaa gauni lake jeupe la kazi, limekunjamana lakini vifungo vyote vimefungwa. Karatasi ya maelezo ilikuwa sakafuni karibu na mlango, pamoja na kalamu. Ilionekana ilisukumwa huko kwa mguu.

"Kama umekuja kuniokotea hiyo kalamu, usihangaike," alisema. "Miaka ishirini na miwili nimechoma watu sindano. Nikikosea nasema mwenyewe, siandikiwi."

"Sijaja kwa ajili ya kalamu. Nimekuja kwa vidonge vinne."

Muuguzi alimpima kwa macho, akaona huyu anauliza ili ajibiwe. "Mwalimu alikuwa anatapika," alisema. "Jumapili na Jumatatu, kila dozi. Anameza, dakika tano haziishi, kidonge hiki hapa kwenye beseni, kizima. Nikampigia Profesa. Akasema rudia. Nikarudia, akatapika tena. Asubuhi na jioni, siku mbili. Hesabu mwenyewe."

"Vinne vya kurudia."

"Na vyote vikatoka. Nimeandika kwenye kitabu cha zamu, na Profesa akatia sahihi alipopita asubuhi. Kalamu yake ni ya kijani, hospitali nzima anayo yeye peke yake."

"Kwa hiyo siku mbili za mwisho hakuna dawa iliyobaki tumboni?"

"Hata punje. Mzee alikuwa ananiomba radhi kwa kuchafua shuka. Ananiomba radhi mimi." Akanyoosha mkunjo mmoja wa gauni. "Wakitaka kunifunga wanifunge. Lakini sitawasaidia kubeba pingu."

Kupe aliiokota karatasi ile, akaikunja, akaitia mkobani pamoja na ripoti. Kalamu aliiacha pale pale.

Shangazi yake, dada wa baba, alikuwa amepima protini chuo kikuu kwa miaka thelathini. Alistaafu mwaka juzi, wakamfanyia sherehe na kumpa saa ya mezani, na Jumatatu iliyofuata akarudi kazini kama kawaida. Hakuna aliyethubutu kumuuliza. Kupe alimkuta ameinamia mashine ndefu yenye ngurumo ya chini chini, miwani imesukumwa kwenye paji la uso.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba. Umekonda. Huyo mume wako hapiki?"

"Anapika vibaya. Nina kesi."

"Siku hizi huji bila kesi. Lete." Aliishusha miwani, akaanza kusoma, kisha akaisimamisha karatasi kwenye meza. "Unajua humu wanapima nini?"

"Dawa kwenye damu."

"Sivyo. Ndiyo maana nyie mnafungana ovyo. Kaa." Alivuta droo na kutoa bobini ya cherehani iliyozungushiwa uzi mweusi, ilionekana ilishafundisha watu wengi. "DNA ni uzi mrefu sana. Mwili hauachi uzi utapakae, unauzungusha kwenye vibobini. Hivyo vibobini ndiyo histoni. Kila kimoja kina mkia, na mkia una vishikizo vinavyoubana uzi. Mwili ukitaka uzi ulegee, unakivisha kishikizo kofia ndogo, inaitwa asetili. Ukitaka ukaze, unaivua. Dawa ya huyu Profesa inauzuia mwili kuvua kofia, kwa hiyo kofia zinazidi. Basi, umehitimu."

"Na mashine inaziona hizo kofia?"

"Haioni chochote. Inapima uzito tu. Asetili moja ina uzito wa arobaini na mbili. Kipande chenye kofia kinamzidi mwenzake asiye nayo kwa arobaini na mbili, hapo tunajua kimevaa."

Akaeleza kwamba vishikizo vitupu huleta shida katika upimaji. Kwa hiyo kabla ya kupima, fundi huvivisha kofia ya bandia kutoka kwenye chupa, nzito kidogo, ya hamsini na sita. Hapo hesabu inakuwa rahisi: arobaini na mbili mwili ulijivisha wenyewe, hamsini na sita tumevisha sisi. Unagawanya, unapata kwa mia ngapi.

"Sasa njoo unuse," alisema.

Alimvalisha glavu, akamsimamisha mbele ya kabati la kioo linalofyonza hewa, akalegeza vifuniko vya chupa mbili za kahawia, moja baada ya nyingine, na kuipunga harufu kwa kiganja ili ije kidogo. Ya kwanza ilikuwa siki, kali, ikamchoma Kupe machoni. Ya pili ilikuwa siki pia, lakini siki iliyolala siku tatu ndani ya soksi.

"Ya soksi ndiyo yenyewe, inavisha hamsini na sita," alisema Shangazi. "Ya siki tupu inavisha arobaini na mbili. Kiwanda kimoja, chupa sare, rafu moja. Niliwahi kuwa na mwanafunzi aliyezichanganya. Tukapata panya aliyejaa kofia kuliko panya wote ulimwenguni. Tulishaanza kuandika makala."

Kupe aliirudia ripoti. Tisini na nane, tisini na tisa. "Kwa hiyo mtu akikosea chupa, vishikizo vitupu vyote vinaonekana vimevalishwa na mwili."

"Karibu mia kwa mia. Na ukimlisha mtu dawa hii kwa mwiko, utafika arobaini, hamsini. Halafu tazama. Sampuli nne, asubuhi na jioni, siku mbili. Alikuwa anaendeleaje siku hizo?"

"Anatapika kila kitu."

"Na namba hazikutikisika hata kidogo. Huyu siye mgonjwa tunayemsoma hapa, mwanangu. Ni chupa."

"Niandikie hayo kwenye karatasi yenye nembo ya chuo."

"Siandiki."

"Shangazi."

"Mimi ni dada wa baba yako. Wakili wao atasimama na kusema damu ni nzito kuliko maji, na huyo mama atafungwa kwa sababu yangu. Nenda ukawashike kwa mikono yao wenyewe." Akainua vidole viwili vilivyokauka kwa miaka ya sabuni. "Waulize hamsini na sita iko wapi. Kisha waulize mwenzi yuko wapi."

"Mwenzi ndiye nani?"

"Damu ya mtu mwenye afya, inayopimwa sambamba na ya mgonjwa. Bila mwenzi hupimi, ni sawa na mizani isiyojaribiwa. Hapa kwenye ripoti hayupo. Na nikuambie siri ya mafundi: hawahangaiki kutafuta watu. Kila mmoja anajitoboa mwenyewe."

Hospitali ya utafiti ilikuwa jengo la ghorofa nne lenye sakafu iliyopigwa deki hadi ikawa ya hatari. Kupe alianzia wodini. Kitabu cha zamu kilikuwa kwenye rafu yake, hakuna aliyefikiria kukificha, kwa sababu wakubwa husahau kwamba wauguzi huandika. Jumapili na Jumatatu, mistari minne ya *ametapika, dozi imerudiwa kwa amri ya simu, ametapika*. Pembeni ya kila ukurasa, sahihi ya kijani. Alikichukua, akamwachia muuguzi wa zamu stakabadhi, akashuka hadi maabara ya chini.

Fundi wa maabara alikuwa mwanamume wa makamo mwenye miwani minene kiasi kwamba jina lake halisi lilishasahaulika. Wote walimwita Miwani. Kupe alipoonyesha kitambulisho, Miwani alikitazama kwa muda mrefu kuliko kinavyohitaji kutazamwa.

"Nataka uniletee chupa uliyotumia kuvisha sampuli za Mwalimu," alisema Kupe.

"Kuvisha?"

"Usinipige chenga, kaka. Kofia za hamsini na sita zilitoka chupa gani?"

Miwani aligeukia kabati la kioo, akaonyesha chupa ya kahawia iliyokuwa robo. Kupe alivaa glavu, akalegeza kifuniko, akapunga kiganja kama alivyofundishwa. Siki, safi kabisa. Hakuna soksi.

Alifunga chupa, akaitia kwenye mfuko wa vielelezo, na wakati huo mlango ukafunguliwa. Profesa alikuwa mrefu, mwenye sauti laini ya mtu aliyezoea kusikilizwa, na kalamu ya kijani mfukoni.

"Nimeambiwa tuna mgeni," alisema. "Nilidhani mambo yetu na polisi yamekwisha. Mkuu wako alinihakikishia hivyo kwa simu."

"Mkuu wangu yuko kituoni. Mimi niko hapa. Naomba orodha ya vipimo vya siku mliyopima damu ya Mwalimu, ile inayoandikwa na mashine yenyewe."

"Hiyo ni mali ya taasisi. Itabidi uandike barua."

"Ripoti mliileta wenyewe kuwa kielelezo. Kielelezo kikishaingia kwenye jalada langu, kilikotoka nako ni kwangu. Ukitaka kunizuia, nizuie, niandike kwamba umenizuia."

Profesa alitabasamu kidogo. "Dada, kuna watu mia mbili wanaoisubiri dawa hii. Wanaume, wanawake, watoto. Unajua jaribio likisimama wangapi watakufa?"

"Sijui. Najua mmoja amekufa, na mwingine yuko mahabusu kwa ajili yake. Miwani, fungua orodha."

Miwani alimtazama Profesa, akamtazama Kupe, mikono ikabaki juu ya kibodi. Kisha akabonyeza.

Kwenye kioo ilijipanga mistari yenye saa na namba. Moja hadi tatu, usafishaji. Nne, tano, sita, Mwalimu. Nane, Mwalimu. Kupe aliweka ripoti kando ya kioo na kuzilinganisha kwa kidole.

"Ripoti ina nne, tano, sita na nane. Mashine ina saba hapa katikati. Saba ni nini?"

"Sindano iliziba," alisema Profesa upesi. "Hutokea. Kipimo kikaharibika."

"Kipimo kilichoharibika kimechukua saa moja na dakika kumi, sawa na wenzake," alisema Kupe. "Kifungue."

"Hakuna sababu ya—"

"Kifungue, kaka."

Miwani alikifungua. Vilima vyembamba vilipanda na kushuka kwenye kioo, na chini yake zikajitokeza namba. Tisini na tisa. Tisini na nane. Tisini na tisa. Kupe aliinama karibu. "Nitafutie hamsini na sita. Hata moja."

Miwani aliandika namba, akasubiri. Kioo kikabaki kitupu. Akatafuta tena kwenye sampuli ya nne, ya tano, ya sita, ya nane, bila kuambiwa, na kila mahali palikuwa patupu.

"Saba ni damu ya nani?"

Miwani alikunja mkono wa koti taratibu. Kwenye kiwiko kulikuwa na alama ndogo ya sindano iliyoanza kuwa ya njano.

"Yangu," alisema.

"Uliwahi kumeza dawa hii?"

"Sijawahi."

"Profesa," alisema Kupe, "mnamshtaki mwanamke kwa sababu damu ya marehemu ina tisini na nane. Huyu fundi wako ana tisini na tisa. Kwa kipimo chenu, amekufa zaidi ya marehemu."

Hapo Miwani ndipo alipofunguka, na alipofunguka hakuweza kufunga. Chupa sahihi iliisha katikati ya juma, akaichukua ya jirani yake kwa haraka, kwa sababu Profesa alitaka majibu kabla ya mchana. Alipoona namba ya mwenzi akajua pale pale amekosea, maana yeye mwenyewe alikuwa hai na anakunywa chai. Akapanda ghorofani kuripoti. Profesa akasikiliza, akasema, ondoa saba, mengine yaache. Na damu iliyobaki, mwaga.

"Nilikwambia hivyo kwa sababu kipimo kilikuwa kibovu," alisema Profesa. Sauti ilikuwa bado laini, lakini mkono ulikuwa umekwenda kwenye kalamu.

"Kilikuwa kibovu, ukakileta kituoni. Mwalimu akifa kwa kosa la muuguzi, jaribio linaendelea. Akifa kwa dawa yenyewe, linasimama. Ulikuwa unamtafuta mbuzi wa kafara, ukampata aliyekuwa karibu na kitanda." Kupe alimgeukia Miwani. "Damu uliimwaga?"

Miwani aliinua kichwa, na kwa mara ya kwanza alionekana mtu mwenye shingo. "Sikumwaga," alisema. "Mimi ni fundi. Damu ya mtu simwagi." Akaenda kwenye jokofu kubwa la kona, akatoa vichupa vinne vilivyoganda, nusu nusu, vyenye maandishi yake.

Kupe alivipakia kwenye boksi la barafu na kulibandika muhuri, akatia sahihi, akamfanya Miwani atie sahihi, kisha akamsogezea Profesa. "Itapimwa kwenye maabara isiyo na wewe wala ndugu yangu yeyote. Kama ni dawa iliyomuua, itajulikana. Kama siyo, nayo itajulikana. Weka sahihi kwamba umeona."

"Na nikikataa?"

"Nitaandika kwamba umekataa, Profesa, na wakili wa huyo muuguzi atakuuliza sababu mahakamani. Weka."

Aliweka, kwa kijani.

Zilipobaki dakika tano kufika saa kumi kasorobo, Mkuu alikuwa na hati ya mashtaka mezani na kalamu mkononi. Kupe aliingia bila kubisha, akapanga mbele yake kitabu cha zamu, chapisho la sampuli namba saba na chupa ndani ya mfuko.

"Nilisema hadithi za maabara sitaki," alisema Mkuu.

"Siyo hadithi. Kwa ripoti hii hii uliyo nayo, kuna mtu wa pili aliyeuawa kwa dawa. Yuko nje kwenye benchi. Anaomba maji ya kunywa."

Mkuu alisimama, akachungulia kwenye kioo cha mlango. Miwani alikuwa amekaa pale, koti lake la maabara mapajani, akimpungia mkono askari wa zamu ili apewe glasi. Mkuu akarudi, akakaa, akasoma kitabu, akasoma chapisho, akasoma kitabu tena. Hati ya mashtaka aliichana vipande viwili, akavuta fomu ya kumwachia mtuhumiwa na kuijaza mwenyewe kwa haraka ya mtu anayetaka kitu kimtoke mbele ya macho.

Kupe aliipeleka mahabusu, Mkuu nyuma yake na funguo. Mlango ulifunguliwa. Muuguzi alisimama, akanyoosha gauni, akapokea fomu na kuisoma mstari kwa mstari kama anavyosoma chati ya mgonjwa. Alipofika katikati alisita.

"*Anaachiwa kwa kukosekana kwa ushahidi wa kutosha*," alisoma.

"Ndivyo inavyoandikwa kila siku," alisema Mkuu. "Weka sahihi, mama, nenda nyumbani."

Muuguzi alirudi kwenye benchi, akakaa, akaweka fomu mapajani. Mlango ulikuwa wazi mbele yake na ukumbi mzima ulikuwa unamtazama.

"Siweki," alisema. "Ushahidi haukupungua. Sikufanya. Andikeni *hakufanya*. Nina muda, nimeshakaa hapa usiku kucha, na leo sina zamu."

Mkuu alimgeukia Kupe, akitegemea msaada. Kupe alikuwa ameshakaa kwenye benchi, ubavuni mwa muuguzi, mkoba mapajani.

"Na mimi sina haraka, Mkuu," alisema.

Walisikia hatua za Mkuu zikienda ukumbini, kisha zikasimama, kisha sauti yake ikaita, ndogo kuliko kawaida, aletewe fomu nyingine. Muuguzi aliinama, akaiokota ile kalamu kutoka sakafuni, akaipangusa kwenye gauni na kusubiri.